Tumbo la Hakimu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Hakimu, paka wangu, anakojoa matone. Leo yalikuwa na damu. Daktari wa mifugo kambonyeza tumbo: huenda ni mawe ya kibofu, huenda ni uvimbe, vidole haviwezi kuamua. Keshokutwa atampiga ultrasaundi. Masharti: asile tangu jioni, maji anywe, asikojoe muda mfupi kabla. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, nisingoje miadi, nimkimbize. Na atanyolewa tumbo.

Kunyolewa! Mbwa wa jirani yangu, fundi saa, alinyolewa hivyohivyo mwezi uliopita. Nilimwita Nusu Suti wiki mbili nzima, mbele ya wateja. Sasa zamu yangu? Thubutu.

Jumanne, tarehe 4
Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja. Tufuate hoja. Chombo hutuma sauti tusiyoisikia. Sauti hugonga viungo, hurudi kama mwangwi, mashine huuchora. Hewa huizuia sauti hiyo, na manyoya hushika hewa. Kwa hiyo adui ni hewa, si manyoya! Nimemsiliba Hakimu jeli ya nywele ya binti yangu. Kopo zima.

Jumatano, tarehe 5
Amejilamba. Tumefika kwa daktari anatapika mapovu, ananukia kama bibi arusi. Kaoshwa, kaangaliwa kwa saa mbili. Kipimo kimesogezwa hadi Ijumaa. Daktari kanieleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wa dawati la nyuma: jeli yake ni nyingine, na hupakwa kwenye ngozi tupu. Binti yangu kasema moja tu. "Baba, ungekuwa mwanafunzi wako, ungejitoa nje."

Alhamisi, tarehe 6
Sahani nimeiondoa jioni. Hakimu kakaa mbele ya kabati la chakula, ananikazia macho. Jina hakupewa bure. Alikuja kwetu akiwa mdogo sawa na ngumi, wiki aliyolazwa marehemu mke wangu. Alilala kwenye kiti chake. Bado analala hapo.

Uvimbe. Sikutaka kuliandika tena neno hilo.

Nimempa kichwa cha samaki. Kimoja si chakula, ni salamu.

Ijumaa, tarehe 7
Salamu imeonekana! Hakimu alikwisha kunyolewa, ndipo daktari akanigeuzia kioo cha mashine: chakula na gesi vimetanda kama pazia, nyuma yake hakuna kinachosomeka. Kibofu nacho kitupu. Alikojoa kikapuni njiani. Nikasema labda kala panya. Daktari akamnusa mdomo, akauliza kama panya wa kwetu huvuliwa kwa nyavu. Kisha akaketi. "Mzee, unaogopa wembe, au unaogopa nitakachokiona?"

Nikaomba ruhusa ya kutoka nje, kama mwanafunzi. Mimi!

Fundi saa katukuta langoni, Hakimu tumbo wazi, kipimo kimeahirishwa hadi kesho. Nikajiandaa. Hakucheka, hata nilipomwambia habari ya samaki. Kakiri kwamba naye alimlisha Nusu Suti mkate kwa siri, kipimo kikarudiwa. "Mwalimu, kesho nakuja kukushikia kikapu. Na ufunguo wa kabati lete hapa."

Jumamosi, tarehe 8
Kipimo! Hakimu chali kwenye mto wa kulalia wenye mfereji katikati, asigeuke. Fundi saa kashika miguu ya mbele, mimi ya nyuma. Hakuna maumivu. Wakorofi hupewa dawa ya kuwatuliza. Hakimu alituhukumu kimyakimya tu. Kibofu kikaonekana cheusi kama dimbwi, chini yake mchanga unaometa na vijiwe vitatu. Figo nzima. Uvimbe hakuna.

Daktari kaonya kwamba picha huonyesha umbo, haitaji kila kitu kwa jina, hivyo mkojo umechukuliwa upimwe. Nilifuta miwani. Fundi saa aliitazama saa yake kwa muda mrefu. Ilikuwa imesimama.

Amri: chakula maalumu cha kuyeyusha mawe, wiki nne, asionje kingine hata punje. Kisha kipimo tena.

Jumapili, tarehe 9
Fundi saa kaleta kifulana alichomshonea Nusu Suti aliponyolewa. Hakimu kakikalia. Nimeomba radhi kwa lile jina. Fundi kanirudishia ufunguo, eti ananiamini.

Hakimu kakinusa chakula maalumu. Kaniangalia. Kaliangalia kabati.

Nimelitafakari kisayansi. Kipimo ni baada ya wiki nne. Kichwa kimoja cha samaki hakikai tumboni wiki nne, na ultrasaundi haina kumbukumbu.

Nimempa viwili.