Mnyoo Wangu wa Chura Umegeuka Mtu

Leo nimejidhalilisha, tena nikiwa nimevaa koti jeupe. Masikio bado yanawaka moto.

Mnajua nasaidia kwenye maabara moja hapa Mbarara. Tunapasua vyura wa ziwa la Nakivale, tunatoa ile minyoo ya mviringo, kisha tunasoma vinasaba vyake tujue ni ya jamii gani. Na mnajua namtaka Furaha. Shida ni baba yake, Papa Furaha, mzee wa kanisa kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Mkongo asiye na utani. Anasema kukata vyura si kazi ya mwanaume wa kuoa.

Basi nikajitapa. Nilikuwa na mnyoo ambao hata Profesa hakuutambua kwenye hadubini. Nikamwalika mzee aje leo ashuhudie majibu. Nikamwambia nimegundua kiumbe kipya duniani! (Kiherehere changu kitaniua.)

Akaja na suti ya Jumapili. Nikampa kiti cha mbele. Profesa akafungua kompyuta, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Banange! Hii mdudu yako ni mtu."

"Mtu?"

"Mtu kabisa. Vinasaba ni ya binadamu. Umetia mate kwa chupa, ssebo!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Papa Furaha akasimama, akachukua kofia yake.

"Mwanaume hajue kutofautisha mududu na mutu," akasema, "bibi yake atamujua namna gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Profesa naye hakuniachia.

"Ulikuwa unakula humu?"

"Hapana, Profesa."

"Sasa mate ilitoka wapi?"

Ikabidi niseme. Kabla ya kuviweka vichupa kwenye mashine nilivifungua vyote, nikaviinamia, nikaviombea. Kwa sauti, kama tunavyoomba kwetu. (Ndiyo, nilikemea hadi pepo wa kushindwa. Mnyoo ukiwa pale pale!)

Profesa akashika kichwa. Papa Furaha akaketi tena, taratibu.

"Uliombea bile bidudu?"

"Ndiyo, Papa."

"Na sauti ya juu?"

"Na machozi kidogo."

Akamgeukia Profesa. "Sasa munamugombeza juu ya nini? Huyu ni mukwe wangu."

Kwa hiyo harusi ipo. Maabarani nimepigwa marufuku kufungua mdomo. Na atakayecheka, wali wa harusi ausikie kwa majirani.