Robo Nne za Mneuti wa Soram

Wilaya ya Soram ilitangaza, kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la takataka, kwamba kuanzia Jumatatu ile hakuna mti utakaoruhusiwa kumziba Mkuu wa Wilaya. Tangazo lilisomwa mtaa kwa mtaa na sauti ya mwanamke mpole, ile ile inayowakumbusha watu kutochanganya mabaki ya chakula na plastiki. Kwa hiyo wakazi wengi walitoka nje wakiwa na ndoo mkononi.

Kusema kweli, mti wenye hatia ulikuwa mmoja tu. Mbele ya jengo la wilaya, lenye ghorofa tano, ulisimama mneuti mkubwa, mti wa kivuli ambao watu wa mtaa waliuita Babu. Ulikuwa hapo kabla ya jengo, kabla ya barabara, na kabla ya serikali kadhaa zilizokuja zikaenda. Nyuma yake, kuanzia ghorofa ya nne hadi ya pili, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Namgung Cheol-u, alikuwa ametundika bango la kitambaa lenye uso wake na maneno "Tuko Pamoja Nanyi". Ukisimama kwenye kituo cha basi ng'ambo ya barabara, uliona sikio la kushoto peke yake. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Mheshimiwa alilieleza tatizo hilo kitaalamu.

"Wananchi hawawezi kulipigia kura sikio," alisema.

Kazi ilikabidhiwa Kitengo cha Usalama na Adabu ya Miti, ambacho kiongozi wake alikuwa Bwana Tak Byeong-ho. Tak alikuwa mtumishi wa daraja la sita, amekaribia kustaafu, na alikuwa na shida ambayo hakumwambia mtu ofisini. Kwao, siku ya kumkumbuka marehemu, familia huandika cheo chake kwenye karatasi, huisimamisha nyuma ya vyakula vya tambiko na kuinama mbele yake. Asiyekuwa na cheo huandikwa "mwanafunzi", hata kama alikufa kikongwe na hakuwahi kufungua kitabu. Kwa akina Tak, anayefika daraja la tano huandikwa "afisa". Babake Tak alikuwa mwanafunzi. Babu yake pia. Kila mwaka Tak aliinama mbele ya darasa zima.

"Ukifa leo," mkewe alikuwa akimwambia huku akimenya vitunguu saumu, "mimi na uzee wangu huu nitakuwa namwinamia mwanafunzi. Si bora nikuwahi mimi kufa?"

Mheshimiwa hakuijua habari hiyo, lakini alijua kunusa haja ya mtu. "Bwana Tak," alimwambia, "siku bango litakapoonekana lote, nasaini daraja lako la tano. Ila kila kitu kiwe salama na kwa utaratibu. Sitaki kelele."

Tak alianza kwa utaratibu, maana alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwongozo wa taifa ulisema mti mkubwa upogolewe na fundi mwenye ujuzi, usikatwe kichwa, na kazi isizidi robo ya matawi yake. Akamwita Bi Do Hae-ran, mwanamke mfupi aliyepanda miti kwa kamba na mkanda wa kiunoni, bila viatu vya miiba, kwa kuwa miiba huuchoma mti kila hatua.

Bi Do alizunguka shina, akatazama juu kwa muda mrefu, akafunga utepe kuzuia wapita njia. Pale chini ya mti, Bi Ok-bun, ambaye aliuza njugu za kuchoma hapo tangu ujana wake, alihamisha jiko lake kwa kunung'unika.

"Unamkata Babu?" aliuliza.

"Namnyoa tu, mama," Bi Do alisema. "Kuna tawi kavu juu ya kituo chenu cha basi, likidondoka litaua mtu. Na mengine yanasuguana."

"Mnyoe vizuri basi. Huyu mwenzako," akamnyooshea Tak kidole, "alikuwa anakojoa kwenye mizizi yake akiwa mdogo hivi. Leo kavaa tai."

Tak alijifanya anasoma saa.

Kazi ya Bi Do ilipendeza kutazama. Tawi zito alilikata mara tatu: kwanza kidogo kwa chini, halafu kwa juu mbele zaidi, tawi likashuka taratibu kwa kamba bila kuchana gome, mwisho akasawazisha kisiki karibu na shina, akiacha uvimbe ulio kwenye kitako cha tawi ufunge kidonda wenyewe. Alipomaliza, mneuti ulikuwa mwepesi na salama, na mtu asiyejua asingesema umeguswa. Tak alivuka barabara hadi kituo cha basi, akageuka. Sasa yalionekana masikio mawili.

Mheshimiwa aliitisha kikao cha dharura cha wakuu wa idara.

"Robo imekwisha, Mheshimiwa," Tak aliripoti. "Mwongozo hauturuhusu zaidi."

"Robo ya nani?"

"Ya mti, Mheshimiwa."

"Mti si idara."

Hapo Tak akamkumbuka babake mwanafunzi, na wazo likamjia ambalo baadaye alitamani lingemjia mtu mwingine. Alikohoa. Alisema kwamba kwa tafsiri pana, robo ile ilitumiwa na kitengo chake peke yake. Idara ya Barabara haijatumia robo yake. Idara ya Usafi, inayofagia majani kila vuli, haijatumia yake. Wala Idara ya Taa. Kila idara ikikata robo moja tu, hakuna idara itakayokuwa imevunja mwongozo.

Mkuu wa Idara ya Barabara alihesabu kwa vidole. "Robo nne, basi mti si unakwisha?"

"Hilo ni jumla," Tak alisema. "Sisi hatuna idara ya jumla."

Mheshimiwa alisimama na kupiga makofi, na wote wakasimama. Kuhusu usalama, iliandikwa kwenye taarifa kwamba mti usio na tawi hauwezi kumwangushia mtu tawi, na kwamba Soram itakuwa wilaya ya kwanza kulifikia lengo hilo kikamilifu.

Bi Do alipoombwa arudi alikataa kwa simu. "Mkate wenyewe," alisema. "Mimi sikati vichwa." Kwa hiyo zilikuja kreni na vijana wa misumeno ya chenso waliozoea kubomoa nyumba. Idara ya Barabara ilichukua robo yake Jumanne, Usafi Jumatano. Matawi yalianguka yakichana gome kama mtu anayevuliwa shati kwa nguvu. Idara ya Taa ilichelewa, ikakuta kilichobaki ni kidogo kuliko robo, ikalalamika rasmi kwamba imepunjwa, na Tak akawaruhusu kufidia kwenye shina.

Ijumaa jioni ulikuwa umebaki mguu mmoja wa mti, mnene, umesimama wima na vidole viwili vifupi juu. Watu wa mtaa waliuita mguu wa kuku. Tak alienda kuukagua peke yake. Bi Ok-bun alikuwa amefungua mwavuli juu ya jiko lake, akamwekea njugu kwenye kijifuko bila kuulizwa.

"Kula, mwanangu. Umechoka."

"Bi Ok-bun, ni kwa ajili ya usalama."

"Sijakuuliza kitu."

"Kila idara ilichukua robo tu."

"Nimesema kula."

Alikula. Njugu zilikuwa moto na tamu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni, na akarudi nyumbani kwa njia ndefu ili mkewe asimwone usoni. Hata hivyo usingizini alijiona ameandikwa "afisa", kwa wino mweusi mzuri.

Jumatatu ikafanyika Sherehe ya Uzinduzi wa Mwonekano. Kiti cha mbele alipewa Bi Mun Jeong-ae, mkaguzi kutoka makao makuu, aliyekuja kuona kama Soram inastahili tuzo ya usalama. Wakazi walijaa kwenye kituo cha basi na kando ya barabara, kwa kuwa watumishi wote waliamriwa kuja na jamaa zao. Bango lilionekana lote: masikio, pua, tabasamu, hata kitufe cha koti. Tak alishika kipaza sauti na kumshukuru Mheshimiwa, ambaye alikuwa bado hajashuka. Hilo lilikuwa sawa. Mkubwa hafiki mpaka wadogo wawe wamesimama vya kutosha.

Ndipo mtoto wa mtu fulani akauliza, "Yule juu ni nani?"

Watu walitazama bango. Kisha wakatazama juu ya bango.

Juu ya paa la jengo la wilaya, mahali ambapo kwa miaka yote palikuwa na majani ya mneuti tu, kulikuwa na kijumba cha udongo mwekundu kilichojengwa vizuri, chenye bomba la moshi na dirisha kubwa la kioo linalotazama barabara. Dirisha halikuwa na pazia. Siku zote lilikuwa na mti mbele yake, na pazia halikuhitajika. Ndani, katikati ya mvuke, alikaa Mheshimiwa Namgung Cheol-u, kifua wazi, taulo nyeupe kichwani ameikunja kama pembe mbili za kondoo, mtindo wa waogao mvuke, anamenya yai la kuchoma.

Mheshimiwa aliona umati umeinua nyuso. Alijua bango liko chini ya miguu yake, akaelewa kwamba mradi umefaulu. Alisogea dirishani ili aione furaha yao vizuri, akanyanyua mkono wenye yai, akawapungia.

Umati ukampungia. Watu wa Soram wana adabu.

"Bwana Tak," alisema mkaguzi Bi Mun bila kuondoa macho juu, "kile kijumba kimo kwenye ramani ya jengo?"

Kabla Tak hajajibu, simu yake ilitetemeka mfukoni. Kule juu Mheshimiwa alikuwa ameishika yake sikioni, chini ya pembe ya kushoto, na hakuwa anapunga tena.

"Tak. Wananitazama."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mwonekano ni mzuri."

"Wananitazama mimi. Mimi mwenyewe."

"Ndilo lilikuwa lengo la mradi, Mheshimiwa."

"Rudisha mti."

"Mheshimiwa?"

"Mti, Tak, mti. Urudishwe ulivyokuwa. Kabla ya saa sita."

"Ule ulichukua miaka mia nne kufika pale."

"Weka watu wa zamu mbili."

Tak alitazama ule mguu wa mti. Utomvu ulikuwa bado unashuka pale ambapo Idara ya Taa ilijifidia. Bi Ok-bun alikuwa amekunja mwavuli wake ili aone vizuri zaidi, na kituo kizima cha basi kilikuwa kinakula njugu zake na kutazama juu kama watu walioketi sinema.

Sauti ya Mheshimiwa ikawa ya chini, karibu ya upole. "Sikiliza, ndugu yangu. Huyo mama mkaguzi mwambie hiki ni chumba cha tangi la maji, na mimi nalikagua. Maneno hayo tu. Ukishayasema, barua yako ya daraja la tano naisaini leo hii."

Lilikuwa ombi dogo. Maafisa wengi wameandikwa maafisa kwa kusema makubwa kuliko hayo. Tak aliiona ile karatasi ya tambiko, mkewe akiinama kwa shida na magoti yake mabovu, na neno lililoandikwa juu yake. Kisha akajikuta anafikiria jambo ambalo hakuwahi kulifikiria, kwamba babake mwanafunzi hakuwahi kukata mti wa mtu. Kifua chake kikawa chepesi, na akaogopa kidogo wepesi huo.

"Bi Mun," alisema, "kile kijumba ni sauna. Hakimo kwenye ramani. Ngazi ni ile tuliyokatazwa kupanda, nyuma ya stoo ya ghorofa ya tano, na mlango wa kule juu ni mmoja tu."

Bi Mun alishukuru, akainuka, akaanza kuelekea mlango wa jengo kwa hatua za mtu asiye na haraka.

"Tak!" ilisema simu. "Tak, umesema nini? Mbona anaingia ndani? Tak, mti wangu uko wapi?"

Tak alinyoosha tai yake. Akajibu kwa ile sauti iliyowahudumia wananchi wa Soram miaka yote, sauti iliyowatuma dirisha la tatu wakitoka dirisha la saba.

"Ombi lako la mti limepokelewa, Mheshimiwa. Litashughulikiwa kwa utaratibu, na utahudumiwa baada ya miaka mia nne. Tafadhali usiondoke hapo ulipo."