Uzinduzi wa Hifadhi ya Kwa Mutiso

Mheshimiwa mgeni wa heshima ambaye hakufika, mwakilishi wake ambaye bado yuko njiani, Bwana Chifu, makasisi na maimamu, wafugaji wenzangu wa Konza, mabibi na mabwana, na ninyi wananchi mlioketi juani kwa kuwa hema ni la waalikwa:

Mimi, Onesmus Musili, mwanzilishi, mwenyekiti mtendaji na mlezi wa Hifadhi ya Kwa Mutiso, nasimama mbele yenu leo, mwaka wa pili tangu tulipolizungushia bwawa na malisho yenu ua wa nyaya ili wanyama wapumzike na watalii waje kuwatazama, kutangaza kwamba malengo yote ya strategic plan yametimizwa (makofi kutoka hemani). Hakuna simba wetu hata mmoja aliyeuawa na majangili. Hakuna ndovu aliyekanyaga shamba la mtu. Watalii waliolalamika ni sifuri, rekodi ambayo hata mbuga kubwa za nchi hii zinaionea wivu. Nami binafsi, kwa kujinyima sana, nilisafiri mara tatu hadi Uswisi kumchunguza mtalii katika mazingira yake ya asili, nikagundua kwamba anapenda utulivu, na ndiyo maana geti likatiwa kufuli (minong'ono).

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Ni mama Syombua, mjane, jirani wa hifadhi na stakeholder wetu mpendwa. Sema, mama, lakini kwa kifupi.

("Mheshimiwa, mbuzi zangu tisa zimekufa na kiu. Zimebaki nne. Hiyo geti itafunguliwa lini?")

Swali zuri, mama, swali la kitaalamu. Mbuzi wakibaki wanne kati ya kumi na watatu, ina maana pressure kwa mazingira imepungua kwa karibu asilimia sabini. Huo ndio uhifadhi wenyewe, na wewe umeuchangia kuliko watu wengi walio hemani. Mpigieni makofi (hakuna anayepiga).

Hifadhi oyee! Utalii juu! Konza mbele!

Kwa kumalizia, nawashukuru hasa akina mama wa mwethya, mliochimba mashimo mia nane ya nguzo mkiimba, bila malipo, kama mnavyomfanyia jirani anayejenga nyumba. Mila zetu sijazisahau: anayefanyiwa mwethya ndiye huwalisha waliofanya kazi. Kwa hivyo leo nimewachinjia mafahali wawili, kati ya ng'ombe wangu mia tatu walionona humo ndani tangu tulipowafukuza pundamilia wasije wakatumalizia nyasi. Simba, ndovu na watalii tutawaagiza fedha zikipatikana. Karibuni nyama.

(Sufuria zinafunuliwa. Syombua anainuka, anazipita, anaelekea getini. Akina mama wanamfuata, na mmoja wao anaanzisha wimbo wa kazi.)