Sura za Bibi Harusi kwenye Runinga Yangu

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe anakuja Jumapili kutazama video ya harusi ya kitinda mimba wake. Siku ya harusi yenyewe alikuwa amelazwa hospitali, mguu umefungwa. Hakuona chochote. Amechagua kutazamia kwangu, si kwa shemeji. Shemeji, kaka wa mke wangu, amenuna. Anawatangazia watu kwamba kwenye runinga yangu kila mtu anaonekana kama kababuka kwa jua. Runinga yangu mimi, ninayechanganya rangi za nyumba dukani kutwa nzima! Nimeanza leo leo. Nimepunguza wekundu. Mtangazaji wa habari akawa wa manjano. Mke wangu kasema huyo mtu apelekwe akapimwe ini.

Jumanne, 7 Mei
Mbinu mpya. Nimempiga mke wangu picha, nikaiweka kwenye runinga, kisha nikamketisha kando ya kioo nilinganishe ngozi kwa ngozi. Nikaongeza mwangaza, nikapunguza weusi. Nikamwambia wa kwenye kioo anapendeza zaidi. Nilimaanisha rangi. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe, kimeshapoa.

Jumatano, 8 Mei
Nimesoma kwamba ukuta wa nyuma ya runinga ukiwa wa kijivu, macho hayadanganyiki. Wetu ni wa pinki, chaguo la mke wangu. Nimetoka kazini mapema na kopo la kijivu safi, nikapaka kabla hajarudi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama nimemaliza, akaingia chumbani kumpigia mama yake simu, akafunga mlango. Sipendi simu za mlango uliofungwa.

Alhamisi, 9 Mei
Mwanga wa nje unaharibu weusi. Nimetundika mablanketi madirishani na kusogeza viti vyote ukutani, nipime picha kutoka kila upande. Alasiri jirani yetu mshonaji akabisha hodi taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza msiba umetokeaje. Nyuma yake majirani wengine, nyuso chini. Nikatazama mablanketi, nikainamisha kichwa. Wakadhani ni uchungu. Wamekaa hadi jioni. Mmoja kakalia rimoti, nikaona aibu kumwinua.

Ijumaa, 10 Mei
Shemeji kaja kunipa pole, huku anacheka. Akaomba kubonyeza kitufe kimoja tu. Sasa maelekezo yote yako kwa lugha ambayo hata herufi zake sizijui, na maharusi wamekuwa kijani. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga, hiyo ni hatua ya pili. Kaondoka anapiga mluzi.

Jumamosi, 11 Mei
Nimebonyeza kwa kubahatisha tangu asubuhi. Mchana kijani kikatoweka. Picha ikatulia! Suti nyeusi, nywele nyeusi, na kila weusi na aina yake. Shela inaonekana hadi nyuzi. Nikamwita mke wangu. Akasogea karibu, akasema mdogo wake alikuwa hivi hivi siku ile. Tukatazama pamoja, bega kwa bega. Halafu akachukua rimoti, akaitia kwenye mkoba wake.

Jumapili, 12 Mei
Mama mkwe kafika na fimbo yake. Shemeji kakaa mbele kabisa, kakunja mikono, anatafuta kasoro. Hakupata. Lakini mama akataka mablanketi yaondolewe. Jua likaingia, weusi wote ukafa. Nikajaribu kumweleza.

"Mkwe wangu," akasema, "macho haya yana mtoto wa jicho. Naona vivuli tu. Nimekuja hapa kwa sababu mkeo anajua kusimulia. Wewe ongeza sauti, nimsikie mwanangu akikubali."

Mke wangu akaketi karibu naye, akamsimulia kila kitu: gauni, maua, nani kalia, nani kakanyaga shela. Lile "ndiyo" la bibi harusi tumelirudia mara tatu. Mama alikuwa kamshika mkono mke wangu, machozi yanamtiririka, anatabasamu. Shemeji akasingizia mafua. Mimi nikatazama ukuta wangu wa kijivu.

Jumatatu, 13 Mei
Nimewaza sana. Kosa langu nimeliona. Ni sauti! Lile "ndiyo" lilikuwa na mwangwi. Kuta zinahitaji kubandikwa sponji, zote nne. Godoro la wageni lina sponji nzuri kabisa. Mama mkwe bado amelilalia. Nimeketi mlangoni na mkasi, nasubiri aamke.