Fimbo Tatu Zilizolala Chali

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Gofu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: FIMBO KUTOSIMAMA WIMA

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta mzima. Najua wewe ni mkwe mwenzangu pia, na kwamba mwanao amemwoa binti yangu wa pekee, lakini leo nakuandikia kama Mwenyekiti. Mkwe nitamshughulikia baadaye. Naomba uisome kwa miwani ya ofisini, ile ya nyumbani uiweke kando.

Mimi, kama ujuavyo, ni mwashi mstaafu. Maisha yangu yote yamekwenda kwa timazi na pima maji, na hakuna ukuta wangu uliowahi kumwangukia mtu. Mwezi uliopita nililetewa zawadi ya fimbo tatu za gofu. Aliyezileta simtaji, ila wewe humnyoa ndevu kila asubuhi. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda nazo barazani kuzikagua kama ninavyokagua matofali. Niliyoyaona ni haya:

1. Fimbo hizo mnaziita mbao. Nimezigonga kwa kucha, zinalia kama sufuria. Hili nawasamehe.

2. Nyuso zote tatu, yaani pale panapogonga mpira, zimelala chali. Niliteremsha kamba ya timazi mbele ya kila moja na hakuna hata moja iliyosimama wima. Na hata katika kulala huko hazikubaliani! Fimbo namba tatu imelala nyuzi kumi na tano, namba tano kumi na nane, namba saba ishirini na moja. Nilipima kwa kipimapembe cha binti yangu cha tangu yuko shule. Kibarua akinijengea kuta tatu za namna hiyo, namwambia akusanye mwiko wake aende zake.

3. Nilipouliza klabuni kwako, nilijibiwa bila aibu kwamba namba ikiwa kubwa, mwinamo unakuwa mkubwa, na mpira unapaa juu zaidi lakini unafika karibu zaidi. Yaani saba inazidiwa na tatu! Mwenyekiti, wengine wetu tuna wajukuu njiani. Tutawafundisha hesabu gani?

4. Uliniambia mbele ya wachezaji wenzako kwamba nisihangaike kuunyanyua mpira kwa nguvu zangu, niuache mwinamo ufanye kazi yake. Sijawahi kuwa na kifaa kinachonifanyia kazi. Mwiko ukiuacha hapo chini, jioni utaukuta hapo hapo.

5. Kwa kuwa kulalamika bila kutengeneza ni tabia ya wapangaji, niliamua kuisaidia klabu. Nilikoroga saruji kidogo na mchanga niliouchekecha vizuri, nikaupiga plasta uso wa namba tano mpaka ukasimama wima, timazi ikakubali bila ubishi. Nikaumwagilia maji kama inavyotakiwa, ukakauka ukapendeza. Ndipo nikaenda kwenye uwanja mtupu ulio kati ya nyumba zetu, nikapiga. Mpira ulitambaa kwenye nyasi kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka, halafu ukasimama. Plasta ndiyo iliyopaa, Mwenyekiti. Ilibanduka yote, ikaenda mbali kuliko mpira. Mke wangu, aliyekuwa akianika nguo, alicheka mpaka akakaa chini juu ya mashuka mabichi. Kicheko kile kinahesabika juu yako.

6. Sasa tufike penye kidonda. Siku ile ya chakula cha mchana kwako, ulisimama na glasi yako mkononi ukawaambia wageni kwamba ukuta niliokujengea nyuma ya nyumba umelala kidogo, pengine mwashi alisinzia. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ila meno tu. Ukuta ule umelala makusudi! Kazi yake ni kuzuia udongo wa mteremko mzima usiingie jikoni kwako. Ukuta wa kazi hiyo ukiusimamisha wima kama askari wa gwaride, mvua moja kubwa inatosha, mnaamka nao sebuleni. Niliulaza kuelekea kwenye udongo ili uuegemee mzigo wake, na mwinamo huo ndio unaofanya kazi. Asiyejua kazi huona kosa, anayejua huona ufundi. Lakini baada ya utani wako, mara zikaja fimbo tatu zilizolala. Mimi si mtoto. Akufukuzaye hakwambii toka. Nilielewa mara moja kwamba ninaambiwa nichukue vitu vilivyopinda, maana ndivyo ninavyovijua.

7. Tangu siku hiyo nimeapa sitakanyaga kizingiti chako mpaka nyuso zile zisimame. Binti yangu, mkazamwana wako, analia. Anasema siku ya kujifungua hataki mababu wawili wodini, kila mmoja akitazama ukuta wake. Inaniuma sana, Mwenyekiti. Mtoto yule sijawahi kumnyima kitu, na leo namnyima amani wakati ambao anahitaji kupumzika. Lakini nimeshaapa, na mwashi hatikisiki.

Kwa hiyo naiomba klabu iamuru fimbo zote za aina hiyo zisimamishwe wima mara moja. Pili, uwanja wenu wote usawazishwe kwa pima maji, kwani nimeona kuna vilima ambavyo mnavitunza kwa makusudi kabisa. Tatu, klabu ikishindwa, suala lipelekwe ngazi za juu, na kila kilicholala katika nchi kisimamishwe, mapaa ya nyumba yakiwemo, pamoja na ngazi za kupandia juu ya mapaa hayo. Tukiruhusu fimbo kulala leo, kesho zitalala nguzo za umeme, na keshokutwa makarani mezani.

Nisalimie wanakamati wote, wakata nyasi, na mlinzi wa getini anayenipigia saluti kwa kudhani mimi ni mwanachama. Msalimie pia mkeo. Yeye sina ugomvi naye.

Ni mimi, niliyesimama wima,

Mwashi Mstaafu
(Babu mtarajiwa, upande wa mama)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu aliisoma barua hii. Alipofika lalamiko la sita alirudi nyuma, akalisoma tena la pili, akavua miwani. Akaniuliza kama huyu bwana wa namba mbili na yule aliyejenga ukuta wa namba sita wamewahi kukutana. Nilichukua fimbo namba saba, ambayo plasta haikuwahi kuifikia, nikaenda uwanjani, nikauacha mwinamo ufanye kazi yake. Mpira ulipaa, mkwe wangu! Ulipaa juu kabisa, ukavuka ukuta wangu, ukaangukia kwenye maua ya mkeo. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa stempu imeshabandikwa. Mpira ukiuona, usimpe mtu aniletee. Nitaufuata mwenyewe Jumamosi, nitapitia mlango wa mbele.