Alama ya Nyumba ya Babu

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi, dada wa marehemu baba, anataka kuigusa nyumba alimozaliwa kabla macho hayajamzimika kabisa. Tumeagizwa wawili tuitafute: mimi na shemeji, mume wa dada yangu, fundi saa, mjuaji wa kila kitu. Kapata ramani ya zamani mtandaoni. Unailaza juu ya ramani ya leo kwenye simu, nyumba za kale zinajitokeza. Nami ninayo. Atanitambua!

Jumanne, 4 Juni
Aibu. Kwa babu ni nyuma ya kiwanda cha ngozi. Kimebaki kisima na harufu. Nami nilishawatambia wakwe kwamba babu alikuwa na ghorofa! Bahati nzuri, ramani inamruhusu yeyote kuweka alama. Yetu nimeiweka barabara kuu, kwa daktari wa meno. Bustani, geti la chuma. Nikaandika: Hapa aliishi babu yetu, mtu mzito.

Jumatano, 5 Juni
Nimemuwahi shemeji. Nilimpeleka shangazi kwa teksi. Akapapasa ukuta, akalia. Nikajiona bingwa. Kisha akauliza kisima kiko wapi, maana mama yake alikuwa akimwogesha pale. Nikasema kimefukiwa. Akagongagonga chini kwa fimbo, akasema mwanangu, turudi. Daktari akatoka kuuliza nani anang'olewa jino.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kagundua. Kaja juu, kaniita tapeli mbele ya dada yangu. Nikamwambia ana wivu. Anataka kumpeleka shangazi kisimani kesho. Lakini shangazi kaamka hajiwezi, nesi kasema asitoke kitandani. Roho imeniuma. Ila ukweli usemwe: nilishukuru kidogo.

Jumapili, 9 Juni
Shangazi hatunaye. Alikata roho jana asubuhi. Shemeji alifika na chupa ya maji ya kisima, amechelewa. Leo ameyamwaga kaburini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Nililia kama mtoto. Akanipa chupa tupu nimshikie. Bora angenitukana.

Jumanne, 11 Juni
Ndugu walio mbali wanaomba alama ya kaburi kwenye ramani, wakija wasipotee. Kazi nimepewa mimi. Tatizo, shangazi kalala kule bondeni, kando ya jalala. Haifai, mtu wa heshima zake! Nimeisogeza alama kidogo, hadi karibu na lango, penye kaburi la marumaru. Sijui ni la nani, lakini linapendeza.