Fomu ya Likizo ya Bwana Picha

Jumatatu, 3 Juni
Bwana Picha, karani mwenzangu, kaleta picha nyingine! Kaichomeka chini ya kioo cha meza yake, kati ya ngamia na maporomoko. Bahari ya kijani, mchanga mweupe pe, mnazi umelala. Niliapa sitauliza. Saa nne nikashindwa. Akaniambia, huku akipuliza chai yake, kwamba ni nchi ya visiwa vidogo katikati ya bahari kuu. Ndege hutua mara moja kila wiki mbili, na wageni wa mwaka mzima hawajazi basi moja. Anaenda Julai.

Kioo changu kina kalenda ya mwaka juzi. Wivu mtupu!

Jumanne, 4 Juni
Nimemtangazia mama watoto: Julai tunaenda visiwani. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema miaka kumi na tisa nimemtembeza dunia nzima kwa mdomo, na hajavuka hata daraja. Hii nayo ikiwa maneno matupu, nisimtajie tena safari maisha yake yote. Baadaye nikamfuma chumbani, kajipima lile gauni la maua. Limekunjwa tangu mwaka wa harusi.

Lazima twende. Na Bwana Picha lazima abaki!

Jumatano, 5 Juni
Masijala ina makarani wawili, mimi na yeye. Amri ya bosi: hawatoki wote kwa pamoja. Ndege ni tarehe 13 Julai, kurudi 27. Nikajaza fomu yangu, mbio hadi kwenye trei ya bosi. Ya Bwana Picha imeshatangulia! Tena kurasa mbili, kazibana kwa pini. Ukurasa mmoja haumtoshi kujisifu. Wa pili sikuusoma.

Sisi watu wa masijala tunajua hivi: ukitaka karatasi ipotee, usiichane. Iweke kwenye faili lisilo lake. Ila lazima liwe faili lisiloguswa na mtu. Nikawaza mafaili ya ofisi nzima. Langu! Hakuna kupandishwa cheo, hakuna onyo, hakuna pongezi. Vumbi tupu. Nikaichomeka fomu yake humo, nikarudi mezani napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Juni
Bwana Picha kaniuliza, anatabasamu peke yake, kama mama watoto anaogopa ndege. Dharau iliyoje! Nikamjibu mke wangu haogopi kitu. Akasema vizuri sana, akaandika kitu kwenye kijidaftari chake.

Jumatatu, 10 Juni
Balaa. Bosi kaingia masijala mwenyewe, faili mkononi. Faili langu!

Kabla ya kuidhinisha likizo ya mtu, bosi huletewa faili lake ahesabu siku. Najua. Mimi ndiye ninayempelekea mafaili ya wenzangu. Langu halijaitwa miaka sita kwa sababu sijaomba likizo, nikiogopa Bwana Picha asije akakalia kiti changu cha dirishani. Leo sekretari kalichukua nikiwa msalani.

Bosi aliuliza fomu ya Bwana Picha imefikaje humo. Nikasema upepo. Akalitazama dirisha, lile lisilofunguka.

Kisha akausoma ule ukurasa wa pili kwa sauti. Bwana Picha alikuwa anaomba karani wa muda kutoka tawini, ili sisi wawili tutoke pamoja. Ameshashika nafasi nne za ndege: yeye na mkewe, mimi na mama watoto. Alitaka iwe habari ya kunishtukiza. Mwisho wa kumwomba huyo karani ulikuwa Ijumaa. Ijumaa karatasi ilikuwa imelala kwenye faili langu.

Bosi akaamua: aliyetangulia kuleta fomu ndiye aendaye. Bwana Picha hakunigombeza. Alinitazama kwa huruma. Huruma! Bora angenizaba kofi.

Jumanne, 11 Juni
Mke wa Bwana Picha kashamweleza mama watoto yote. Tulikula kwanza. Kisha akasema nafasi ya nne ikibaki tupu ni shauri yangu, ila ya tatu ni yake na anaenda. Nilitaka kulia. Nikaosha vyombo.

Jumamosi, 13 Julai
Uwanja wa ndege. Gauni la maua bado linamkaa! Alinipungia mkono mara moja. Bwana Picha alinipungia mara tano.

Jumatatu, 29 Julai
Wamerudi. Mama watoto kanipa picha ya kuweka chini ya kioo changu. Kasimama baharini, maji magotini, anacheka kicheko ambacho sijakiona tangu tuoane. Kimeniuma, kwa sababu aliyekuwa akichekewa nyuma ya kamera ni Bwana Picha. Nimeitoa kalenda, nimeiweka.

Kasema mwakani, nikipeleka fomu yangu kama watu wengine, atanipeleka yeye mwenyewe anionyeshe mahali hapo. Nikaapa kwa mikono miwili kwamba nimejifunza.

Saa nne nimepita kwenye trei ya bosi. Kuna fomu ya Bwana Picha, Julai ijayo, tarehe zilezile. Hana hata aibu! Safari hii ina kurasa tatu. Sikuzisoma.

Ila sasa nimepata akili, siweki tena kwenye faili langu, bali kwenye lile ambalo hakuna atakayethubutu kuligusa. Nimeiweka kwenye faili la bosi mwenyewe.